Bunduki Niliyompimia Papa Kalenga

Kila Ijumaa nikitoka msikitini hapa Fordsburg, Johannesburg, lazima kijana mmoja anishike mkono wa kanzu. "Shikamoo, Mzee Mhina. Eti wewe ulifanya kazi duka la bunduki. Shotigani gani nzuri ya kulinda nyumba?" Marahaba, mwanangu. Namtazama vizuri. Nyumba yenyewe ni chumba Hillbrow, ghorofa ya kumi na moja, lifti ilikufa zamani, anagawana na wenzake wanne kwa pazia. Kibali cha kudumu hana, ana karatasi ya kusubiri karatasi. Namwambia bunduki inayomfaa ni komeo, tena makomeo mazuri yanauzwa duka la tatu pale kushoto. Anaondoka amenuna. Hakutaka komeo, alitaka tuzungumze habari za bunduki.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja, msome wote, mniache niende zangu kula. Nilifanya kazi duka moja la bunduki Marshalltown miaka ishirini na mbili, nikastaafu 2019. Sikuwa muuzaji. Nilikuwa fundi wa vitako, ile mbao ya bunduki inayokaa begani, na mfungaji wa masefu. Lakini kila alipoingia Mtanzania, Mkongomani au Mrundi, tajiri aliita kule nyuma, "Mhina, watu wako wamekuja," nami nikaacha randa nikaenda kuwa profesa. Nimekosea sana katika uprofesa huo. Makosa mengine yanachekesha nitawaeleza. Moja halichekeshi. Kulikuwa na binti anaitwa Solange, na baba yake nilimfundisha mimi mwenyewe, hatua kwa hatua, namna ya kumuua. Baba hakujua, na mimi mwalimu ndiyo kabisa sikujua.

Aliyenifundisha kazi pale dukani ni Bhai Yusuf, Mhindi wa hapa hapa Fordsburg. Sikuwahi kumsikia akisifu kitu chochote, hata biriani ya mkewe, na biriani ile ilistahili. Kwake bunduki ilikuwa nguo. Haichaguliwi kwa jina lake, inapimwa mwilini. Unakunja kiwiko, kitako kinakaa ndani ya kiwiko, kidole kinaifikia triga bila kujivuta. Ikiwa ndefu utaibeba kama ngazi, ikiwa fupi kidole gumba chako kitakupiga pua. Na haipimwi kwa mwenye pesa, alisema, inapimwa kwa atakayeishika, na wakiwa wawili, kwa mdogo wao.

Somo hilo nilipewa asubuhi, mchana nikalivunja. Alikuja bwana mmoja mfupi, mcheshi, akanunua shotigani ya mitutu miwili. Nikampima, nikakata kitako inchi moja na nusu, nikapiga msasa, nikapaka mafuta ya kitani, kazi ya kupeleka maonyesho. Kumbe bunduki ni ya mkewe, ambaye hubaki nyumbani bwana akiwa safarini. Mama alipokuja kuichukua, kwa urefu alionao, ilibidi ainame mlangoni. Bhai Yusuf hakunigombeza. Alichukua kile kipande nilichokikata, akakitundika kwa uzi juu ya meza yangu, akasema, "Mhina, mbao haioti." Nilikaa chini ya kipande kile miaka yote iliyobaki.

Halafu kuna lugha. Mimi mtu wa Tanga, kwetu kitako cha bunduki ni kitako, neno halina dhambi. Siku moja akaingia mama mchungaji kutoka Lubumbashi, kilemba kirefu, na mumewe nyuma. Nikamwambia kwa adabu zote, "Karibu, Mama. Simama hapa nikupime kitako." Mkoba ulinipata sikioni kabla sijamaliza kunyoosha futi. Mchungaji aliniombea msamaha kwa mkewe, kisha akaniombea na sikio. Baada ya hapo, kwa Wakongomani wote nilisema "ule mguu wa nyuma wa bunduki," na Bhai Yusuf, ambaye Kiswahili alikielewa zaidi ya alivyokiri, alikuwa akikohoa kila niliposema.

Neno sefu nalo ni hivyo hivyo. Sheria ya huku haina mchezo. Kwa kulinda nyumba unaruhusiwa bunduki moja, ikiwa shotigani basi isiwe ile inayojikoki yenyewe. Uwe na cheti cha mafunzo, uandike barua ya kueleza unaogopa nini, uwe na sefu la chuma lililofungwa ukutani, polisi waje walitazame, halafu usubiri. Unasubiri mpaka mwizi wako azeeke. Sasa kulikuwa na Mrundi mmoja aliyekwisha kupata yake, nikampigia simu kumjulia hali. "Bunduki iko sefu?" "Iko safi, Mzee, safi kabisa." Moyo ukatulia. Wiki mbili baadaye akaja kununua mafuta ya kusafishia, nikamwuliza kama ufunguo wa sefu unakwama. Akanishangaa. Bunduki ilikuwa chini ya godoro, imefutwa, inang'aa, safi kweli kweli, na watoto watatu wanarukaruka juu ya godoro. Niliomba ruhusa mapema nikaenda naye na drili. Tangu siku hiyo sikumwamini mtu kwa simu. Kila mteja wa Kiswahili nilikwenda kwake kufunga sefu kwa mkono wangu.

Kuanzia kama 2015 wakaanza kuja na simu. Zamani mteja aliuliza, sasa anakuonyesha. Kuna Mmarekani kwenye video, ana misuli, anasema ukiwa na shotigani huhitaji kulenga, marisau yanatawanyika chumba kizima. Tena anasema ukiikoki tu mwizi atasikia mlio akimbie. Eish, wanangu. Marisau ni vipande vya risasi vidogo, kweli hutawanyika, lakini si ndani ya chumba cha kulala. Toka kitandani mpaka mlangoni yanaenda pamoja, yakifika yamepanuka upana wa ngumi au kiganja. Usipolenga unakosa. Na ukikosa, yanaendelea na safari. Ukuta wa tofali utayazuia, ukuta wa mbao nyembamba unayakaribisha. Hizo nyumba zenu za Hillbrow zilizogawanywa kwa mbao na pazia, ukifyatua ya mwizi wako, inapita kwa jirani, inapita kwa jirani wa jirani, inakwenda kusimama kwenye friji ya mtu usiyemjua. Na mlio wa kukoki, mwizi wa Johannesburg akiusikia, hujibu kwa wa kwake.

Kwa hiyo Bhai Yusuf alikuwa na utaratibu wake, nami nikaurithi. Kabla ya kutoa bunduki yoyote kabatini tulitandika karatasi ya kufungia, ile ya kahawia, tukamwambia mteja achore nyumba yake. Milango iko wapi. Kuta ni za nini. Nani analala wapi. Kila mtu tuliweka ganda tupu la risasi mahali pa kitanda chake. Kisha tunamwuliza, wewe utasimama wapi? Tunalaza rula kutoka pale aliposimama mpaka mlangoni, tunaangalia rula imepita juu ya ganda la nani. Niliona wanaume wazima wakiinua rula na kuilaza upya kwa mkono wao. Nusu yao waliondoka na komeo.

Papa Kalenga alikuja 2017. Mshonaji suti, mtu wa Lubumbashi, amekaa nchi hii miaka mingi, kibali cha kudumu anacho, na alikuwa amefanikiwa kununua nyumba ndogo ya tofali kule Rosettenville. Alivaa suti aliyoishona mwenyewe. Nilipomtandikia karatasi alicheka, akatoa chaki ya fundi nguo mfukoni, akachora nyumba kama anayechora koti, mistari imenyooka, vipimo pembeni. Mkewe alikuwa marehemu. Wanaoishi ni wawili, yeye na binti yake Solange, anayefanya kazi ya kupokea simu za wateja wa kampuni moja mjini na kurudi jioni. Akaweka ganda lake chumba cha mbele, ganda la Solange chumba cha kushoto. Yeye atasimama mlangoni pa chumba chake, korido iko mbele yake, mwisho wa korido ni jiko na mlango wa nyuma. Nikalaza rula. Haikugusa mtu. Tofali pande zote mbili. Miaka yote ile sikuwahi kuona mchoro mzuri vile, na nilimwambia.

Kisha nikamwuliza swali la mwisho, kwa sababu Bhai Yusuf aliliuliza siku zote. "Gizani utamjuaje mwizi?"

Papa Kalenga hakufikiri, alijibu kwa Kiswahili cha kwao, ambacho "ndiyo" ni "njo". "Ile ni mwepesi, Mzee. Kwangu hatusemake Kizulu. Tunasemaka Kiswahili na Kifaransa, njo sheria ya nyumba. Nikisikia mutu anasema Kizulu mu nyumba yangu, ule njo mwizi."

Nami nikaitikia kwa kichwa, nikasema, "Sawa."

Someni tena hapo, ndipo penye kosa langu. Nilisema sawa. Mimi niliyekuwa najua mlio wa mkoba, safi na sefu, nilisikia maneno hayo nikaona yana akili. Mlikuwa wadogo, lakini mnajua miaka ile wageni tulivyoishi, tukivamiwa na kuchomewa maduka. Mtu akibishiwa hodi kwa Kizulu na sauti nyingi, roho ilishuka miguuni. Mimi mwenyewe Kizulu nakisema vizuri, marafiki zangu wa chai ni Wazulu, na bado nilisema sawa. Nikampima kiwiko, nikamchagulia shotigani ya kukoki kwa mkono, mtutu mwembamba wa namba ishirini, isiyopiga teke sana, kwa kuwa Solange naye ataishika siku moja. Nikamfundisha kusimama, mguu wa kushoto mbele, shavu juu ya mbao, kidole nje ya triga mpaka umeamua. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliopata kufundisha. Mikono ya mshonaji haitetemeki. Akapeleka maombi polisi, nami nikampangia siku ya kwenda kumfungia sefu.

Nilikwenda Jumatano, saa kumi alasiri. Nilibeba drili, boliti nne za ukutani, na bunduki ya mbao. Hiyo ilikuwa ya kupimia tu, Bhai Yusuf aliichonga mwenyewe, haina mtutu wala triga, ni umbo. Inakusaidia kujua kama bunduki itaenea sefuni na mtu ataitoaje bila kugonga ukuta. Umeme wa eneo lile ulikuwa na zamu ya kukatwa saa kumi na nusu, kwa hiyo niliharakisha matundu. Sefu nililifunga ndani ya kabati ukutani, na lipo pale mpaka leo. Halijalaza bunduki hata siku moja. Anahifadhia suti za maharusi, anasema panya hawalijui.

Umeme ukakatika kama walivyoahidi, hilo tu ndilo huja kwa wakati. Papa Kalenga alikuwa amefunga mabati ya madirisha yote, mtu mwoga hapendi dirisha, na ile korido ikawa kiza mchana kweupe. Akasema, "Mzee, tujaribu." Akatoa bunduki ya mbao kwenye sefu, akasimama mlangoni pale alipochora na chaki. Mimi nyuma yake nikisahihisha bega.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mwanga wa nje ukaingia na mtu ndani yake, mweusi tu, hana uso. Alikuwa anaongea kwa sauti ya juu, Kizulu cha haraka cha vijana wa mjini, na katikati akaangua kicheko kikubwa. Papa Kalenga alifanya kila nilichomfundisha. Mguu wa kushoto mbele. Shavu juu ya mbao. Hakutetemeka. Kidole kilitafuta triga isiyokuwepo, kikavuta mbao tupu, mara moja, kisha mara ya pili. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kusikia ukucha wake ukikwaruza.

Kizulu kile mimi nilikielewa. Yule mtu alikuwa anamwambia rafiki yake kwenye simu, "Sengifikile, nimefika, ngoja usikate kwanza mpaka nifunge mlango."

"Papa?" akasema.

Papa Kalenga akashusha ile mbao. "Ni Solange?" Alimwuliza kama anayemwuliza mgeni. "Ile sauti ni yako?"

Nilikaa juu ya sanduku la drili. Wanangu, niliogopa kuliko siku yoyote niliyoshika bunduki yenye risasi. Polisi wangeleta leseni mwezi ule au mwingine, mimi ningekuja kupokea shukrani na soda, na jioni moja ya kawaida binti angerudi kutoka kazini.

Solange alikuwa amesimama palepale, simu mkononi, rafiki bado anaita humo ndani. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha kuvunjikavunjika, alikichanganya na Kiingereza, lakini nilichosikia ni hiki. Kutoka teksi, hizi daladala za huku, inapomshusha mpaka nyumbani ni mitaa minne. Barabarani akiongea Kiswahili watamjua kwamba ni mgeni. Akinyamaza, wanaume wa kwenye kona humsalimu ili wasikie lafudhi. Kwa hiyo akishuka tu anampigia rafiki yake, anaongea Kizulu kwa nguvu na kucheka kwa nguvu mitaa yote minne, mpaka afike kwao. "Ile njo inanilindaka, Papa," akasema. Amefanya hivyo tangu alipoanza kazi.

Papa Kalenga aliinama akaegemeza mbao ukutani, polepole, kama yenye risasi. "Sikuisikiaka wewe unacheka vile," akasema. "Hapa nyumbani haucheke." Kisha akasema, "Ningekupiga. Mara mbili."

"Najua, Papa," Solange akasema. "Najua toka ulileta ile karatasi ya bunduki, ukasema ule wa Kizulu njo mwizi. Njo maana nazimaka sauti pale mu geti. Leo nilisahau."

Hakulia. Alisema vile mtu anavyosema amesahau mwavuli. Alikuwa amehesabu mwenyewe, bila chaki na bila rula, kwamba toka teksi mpaka getini aseme Kizulu, na toka getini mpaka kitandani asiwe na sauti. Bhai Yusuf angemwajiri.

Mimi nilitaka kusema neno, maana mwenye kosa nilikuwa mimi vilevile, lakini Papa Kalenga alinigeukia kwanza. Uso wake sikuuona vizuri kwa lile giza. "Mzee Mhina," akasema, "ile neno samahani, mu Kizulu, banasema namna gani?"

"Uxolo," nikamwambia. Mnajua ile x, ulimi unabandukia pembeni kwenye magego, kama unavyomwita punda. Mtu aliyeanza ukubwani haimtoki. Nilimtamkia polepole mara mbili.

Akamgeukia binti yake, akavuta koti likae sawa. "Ukolo," akasema.

Solange aliziba mdomo kwa mkono. "Siyo k, Papa."

"Ukolo."

"Hapana. Weka ulimi huku. Tena."

Nilikusanya boliti zilizobaki, nikachukua bunduki yangu ya mbao, nikapita katikati yao kuelekea mlango wa jikoni, wala hakuna aliyeniaga. Nilipofika getini nilimsikia bado anajaribu.